“Dada, nikiingia nitasimama wapi?”

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni karani wa mahakama, na huu ni mwaka wangu wa tisa katika kazi hii. Mahakama yetu ni ndogo: ina chumba kimoja cha kusikilizia kesi, ofisi ya hakimu, masjala ninayofanyia kazi, na ukumbi mwembamba wa kungojea wenye mabenchi mawili yanayotazamana. Nimeyataja mabenchi hayo kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nikuandikie.

Mwaka jana tulikuwa na kesi ya ubakaji. Mlalamikaji alikuwa msichana wa miaka 20 hivi, na mshtakiwa alikuwa nje kwa dhamana. Kesi iliahirishwa mara tano. Mara ya kwanza daktari hakuonekana, mara ya pili wakili wa utetezi alikuwa na shauri katika mahakama ya juu, mara ya tatu hakimu alikuwa na udhuru, na hizo mbili zilizobaki hata mimi ninayeziandika sababu hizo katika majalada sizikumbuki. Kila mara msichana yule alifika saa mbili asubuhi na kuondoka baada ya saa saba mchana. Kila mara alikaa kwenye benchi moja, na mshtakiwa pamoja na mama yake na kaka zake wakakaa kwenye benchi la pili, magoti yao yakiwa karibu kugusana na ya kwake. Hawakumtukana wala hawakumtisha. Walikuwa wakimtazama tu. Safari ya nne mama wa mshtakiwa alitoa chupa ya maji akampa, naye akaipokea kwa mikono miwili kama alivyolelewa, akaishika hadi kesi ilipoahirishwa, bila kuifungua.

Safari ya tano askari wa mahakama alipotoka kuita kesi, alitaja jina la msichana, la baba yake na la ukoo, kisha akaongeza kwa sauti, “Wa kesi ya kubakwa!” ili asichanganywe na mwingine mwenye jina linalofanana na lake. Watu waliokuja kwa mambo ya mirathi na madeni wote waligeuka. Siku hiyo nayo kesi iliahirishwa. Alipokuwa akisubiri kupewa tarehe mpya, alikuja dirishani kwangu akaniuliza, “Dada, siku nikiingia, nitasimama wapi?” Nilimjibu kwamba ataelekezwa humo humo ndani. Sikusema zaidi, kwa sababu sikujua kama karani anaruhusiwa kumweleza shahidi jambo lolote, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Tarehe ya sita hakuja. Ya saba pia hakuja, na mshtakiwa akaachiwa.

Mwezi uliopita hakimu wetu mpya aliniita, akasema ameona katika majalada jinsi kesi za namna hii zinavyokufa kwa sababu walalamikaji hawatokei, akanitaka niandike mapendekezo ya namna mahakama inavyoweza kuwasaidia. Maneno yake yalikuwa haya: “Andika, lakini usiniletee kitu cha kusubiri bajeti.” Nimekaa na karatasi hiyo wiki tatu. Mwenzangu wa masjala ananiambia niachane nayo, kwamba kumhudumia mlalamikaji ni kuegemea upande mmoja, na kwamba siku moja wakili wa utetezi atasimama aseme mahakama ilimfundisha shahidi la kusema.

Naomba unisaidie katika mambo matatu. Tunaweza kufanya nini kwa hiki tulicho nacho? Mpaka uko wapi kati ya kumsaidia shahidi na kuiharibu kesi? Na la tatu, ambalo huenda si la kuulizwa hapa: je, yule msichana tulimpoteza sisi?

Karani wa masjala

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali la msichana yule, kwa kuwa ni fupi kuliko yote yaliyomo katika barua yako na ndilo pekee lililokosa jibu. Angesimama katika kizimba cha mashahidi, au angekaa, kama hakimu angemruhusu. Angeapishwa kwa dini yake, au angethibitisha kusema kweli kama hana dini. Mwendesha mashtaka angemuuliza kwanza, kisha wakili wa utetezi angemdodosa, kisha mwendesha mashtaka angeweza kumrudia kwa maswali machache yanayotokana na dodoso. Angeweza kusema “sijaelewa swali” pale asipoelewa, na “sikumbuki” pale asipokumbuka, na angeweza kuomba maji au mapumziko mafupi. Maelezo hayo yangekuchukua dakika nne pale dirishani, na hakuna hata neno moja ndani yake linalogusa ushahidi wake. Ungeweza kumweleza hayo hayo mshtakiwa anayetaka kujitetea, au shahidi wa shauri la mirathi, na hakuna ambaye angelalamika.

Niliendesha mashtaka kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kwa muda mrefu niliamini kwamba kinachowavunja walalamikaji ni maswali ya mawakili. Maswali yanaumiza, na nitayarudia. Lakini wengi wa niliowapoteza waliondoka kabla ya kuulizwa swali hata moja. Waliondolewa na ukumbi wa kungojea, na tarehe zisizokwisha, na kutojua kinachoendelea. Kwa hiyo mapendekezo yako usiyaanzie ndani ya chumba cha mahakama, ambako hakimu anaona. Yaanzie kwenye mabenchi, ambako wewe ndiye unayeona.

Umesema mahakama yenu ina masjala. Je, haina kiti kimoja nyuma ya makabati ya majalada, mahali ambapo mtu anaweza kukaa bila kutazamwa? Kama masjala ina siri nyingi mno za kumkalisha mtu wa nje, basi chumba cha afisa ustawi wa jamii, ofisi ya mwendesha mashtaka, hata chumba ambacho wazee wa baraza hukitumia siku nyingine. Kama hakuna chumba kabisa, tumieni saa badala ya kuta: mshtakiwa aliye nje kwa dhamana aagizwe kufika saa mbili, naye mlalamikaji aitwe saa nne, aingie moja kwa moja, na baada ya kutoa ushahidi aondoke kwanza huku upande wa pili ukibaki ndani walau robo saa. Wekeni pia mpango wa njia ya chooni. Utaona jambo hilo dogo la kuandikwa katika mapendekezo, lakini nimewahi kuwa na shahidi aliyekaa tangu asubuhi bila kunywa chochote ili asilazimike kupita mbele ya ndugu za mshtakiwa. Huenda ile chupa ya maji haikufunguliwa kwa sababu kama hiyo. Na katika kueleza habari za chupa hiyo, usijiulize kama mama yule alikusudia wema au shinikizo. Inawezekana ni vyote viwili, na mahakama haiwezi kupima moyo wa mtu. Inachoweza ni kuhakikisha kwamba hawakai mahali ambapo maji yanaweza kupokezwa.

Kuhusu kuita majina, agizo la mstari mmoja kutoka kwa hakimu linatosha: kesi za makosa ya kujamiiana ziitwe kwa namba, na askari amfuate shahidi alipokaa, amwambie kwa sauti ya chini kwamba zamu yake imefika. Angalieni pia orodha ya kesi za siku inayobandikwa ukutani. Mahakama nyingi huandika kosa mbele ya kila kesi, na wakati mwingine jina la mlalamikaji huingizwa kwa uzembe tu wa anayenakili. Herufi za kwanza za jina zinatosha. Yafaa ukumbuke kwamba huko si kubuni upole mpya. Tanzania Bara, sheria ya mwenendo wa jinai inaagiza ushahidi wa makosa ya kujamiiana upokelewe faraghani na usitangazwe. Kenya, sheria ya makosa ya kingono ya mwaka 2006 inairuhusu mahakama kumtangaza mlalamikaji kuwa shahidi anayehitaji ulinzi maalumu, kisha kuamuru kesi isisikilizwe hadharani, au atoe ushahidi akiwa amekingwa asionekane, au azungumze kupitia mtu wa kati, na kukataza kuchapishwa kwa utambulisho wake na wa familia yake. Sasa fikiria faragha hiyo ina maana gani ikiwa milango inafungwa ndani saa nne, ilhali saa tatu na nusu jina lake lilishatangazwa ukumbini pamoja na kosa alilotendewa.

Jambo la pili ambalo ningeliweka katika ukurasa wa kwanza ni mtu mmoja wa kumwambia mlalamikaji kinachoendelea. Uingereza, tangu mwaka 2005, kuna washauri huru wa waathiriwa wa ukatili wa kingono ambao huwa na mhusika tangu anapotoa taarifa hadi hukumu, na hata kwa yule asiyependa kwenda polisi kabisa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague ina kitengo kizima kwa ajili ya waathiriwa na mashahidi. Nyinyi hamna kitengo, lakini mna simu na daftari. Hakimu amteue karani mmoja, kwa jina na kwa maandishi, awe ndiye anayempigia mlalamikaji jioni ya siku inayotangulia tarehe ya kesi. Ampigie kumthibitishia kwamba kesi ipo, au kumwambia kwamba daktari amekwisha kutoa taarifa kuwa hatakuja, ili mtu asitoke kwake alfajiri kwa ajili ya kuambiwa arudi mwezi ujao. Karani huyo asizungumze naye habari za tukio. Mlalamikaji akianza kuzieleza, na wengi huanza kwa sababu ni mara ya kwanza mtu wa mahakama kuwasemesha kwa utu, karani amkatize kwa upole: “Hayo mwambie mwendesha mashtaka; mimi kazi yangu ni kukueleza utaratibu.” Kisha aandike katika daftari tarehe, saa na alichosema. Daftari hilo ndilo litakalomjibu wakili wa utetezi siku atakapouliza.

Pamoja na karani huyo, mlalamikaji aruhusiwe kuja na mtu wake wa kukaa naye. Hapa kuna kosa ambalo nililifanya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mtu anayemsindikiza mlalamikaji mara nyingi ni yule yule aliyemweleza mwanzo, yaani mama, dada au jirani, na huyo kwa kawaida ni shahidi wa pili wa mashtaka. Shahidi ambaye hajatoa ushahidi haruhusiwi kuketi ndani akisikiliza wenzake. Basi siku ya kesi, mlangoni, mama anaambiwa abaki nje, na binti anaingia peke yake mahali ambapo hajapata kukanyaga, akiwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kutengana na mama yake. Mlalamikaji aambiwe wiki mbili kabla kwamba achague mtu ambaye si shahidi. Kule The Hague, kanuni za utaratibu zinaruhusu hata mwanasaikolojia au ndugu kuwapo karibu wakati shahidi anazungumza. Mtu huyo anakaa kimya, hamnong’onezi wala hamtikisii kichwa, na hakimu anamweleza hivyo mbele ya pande zote kabla ya kuanza.

Sasa nije kwa mwenzako wa masjala, kwa kuwa hofu yake si ya kipuuzi. Kesi imewahi kuharibika kwa shahidi kukaririshwa majibu, na mshtakiwa ambaye huenda hana hatia ana haki ya kupambana na ushahidi ambao haujapigwa pasi na mtu mwingine. Mpaka upo, na umekwisha kuchorwa. Mwaka 2007 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, katika kesi yake ya kwanza iliyofika kusikilizwa, ile ya Thomas Lubanga wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliwakataza waendesha mashtaka kufanya na mashahidi wao mazoezi ya maswali na majibu kabla ya kizimba. Papo hapo ikakubali, tena ikaona inafaa, shahidi azoeshwe mahakama: aonyeshwe chumba, aelezwe nani anakaa wapi na anafanya nini, aelezwe mpangilio wa maswali na haki zake. Mahakama ya Rufani ya Uingereza nayo ilifikia mahali hapo hapo mwaka 2005. Kwa hiyo mwambie mwenzako kwamba kumweleza shahidi atasimama wapi ni halali, na kumweleza aseme nini ni haramu. Siku ambayo chumba hakina kesi, mfungulie mlalamikaji mlango, aingie, asimame kizimbani, akae pale atakapokaa, aone umbali kati yake na kizimba cha mshtakiwa. Mshtakiwa akiomba naye kuonyeshwa chumba, mwonyeshe siku nyingine. Hapo upande ulioegemea uko wapi?

Kuahirisha kesi ni jambo ambalo karani hawezi kuliagiza, lakini anaweza kulionyesha. Chukua majalada ya makosa haya ya miaka mitatu iliyopita, uhesabu ni mara ngapi kila kesi iliahirishwa kabla mlalamikaji hajasikilizwa, na sababu iliyoandikwa kila mara. Usiweke maoni, weka jedwali. Hakimu akiliona, ataelewa mwenyewe kwamba inambidi aagize ushahidi wa mlalamikaji uwe wa kwanza kusikilizwa siku hiyo, kabla ya maombi ya dhamana na kabla ya mashauri ya kutajwa, yaani yale yanayoitwa ili yapangiwe tarehe tu, na kwamba ukishaanza uishe siku hiyo au kesho yake. Mahakama maalumu za makosa haya, kuanzia ile ya Wynberg nchini Afrika Kusini iliyoanza mwaka 1993, hadi za majaribio za New Zealand za mwaka 2016 na ile ya Shanzu, Mombasa, iliyozinduliwa mwaka 2022, zina mambo mengi yanayohitaji fedha. Lakini mojawapo ya mambo yanayozitofautisha ni hilo la hakimu kuikamata ratiba ya kesi mikononi mwake badala ya kuziachia pande mbili ziivute. Hakimu wenu anaweza kulifanya hilo kesho.

Ndani ya chumba, sasa. Katika London ya mwaka 1996, mshtakiwa wa ubakaji aliyewakataa mawakili wake alimhoji yeye mwenyewe mwanamke aliyembaka, kwa siku sita, na sheria ya wakati huo haikumzuia. Miaka mitatu baadaye sheria mpya ilikataza mshtakiwa wa kosa la namna hiyo kumdodosa mlalamikaji kwa kinywa chake. Mnapokuwa na mshtakiwa asiye na wakili, jambo hili linawahusu moja kwa moja, na pale ambapo sheria haijasema, hakimu anaweza kuagiza maswali yaandikwe au yaelekezwe kwake, naye ayaulize kwa lugha ya staha bila kuyapunguza uzito. Mshtakiwa anabaki na swali lake lote. Kinachoondolewa ni sauti yake sikioni mwa shahidi.

Maswali juu ya mahusiano ya awali ya mlalamikaji, mavazi yake na wanaume aliowahi kuwa nao ni jambo ambalo nchi nyingi zimekwisha kulitungia sheria. Jimbo la Michigan, Marekani, lilifanya hivyo mwaka 1974, na sheria ya Kenya niliyoitaja inayazuia mpaka mahakama itoe ruhusa kwanza. Sheria hizo hushindwa kwa njia moja ya kawaida sana: wakili anauliza upesi, shahidi anajibu kabla hakimu hajainua kichwa kutoka katika kuandika, na neno likishatoka halirudi. Ndiyo maana ningependekeza hakimu aulize kabla ya siku ya ushahidi kama upande wa utetezi una nia ya kugusa maeneo hayo, na aamue mapema, mlalamikaji akiwa hayupo. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo kazini nilimwambia shahidi wangu, “Jibu ndiyo au hapana tu,” kwa kuwa nilikuwa na haraka. Alijibu “ndiyo” kwa swali ambalo lilikuwa na mambo mawili ndani yake, moja la kweli na jingine la uongo. Swali lenye mambo mawili ligawanywe. Jambo hilo hakimu analiweza kwa sentensi moja: “Wakili, uliza moja kwanza.”

Kuna kisa kimoja ambacho ningekuomba umsomee hakimu wako, kwa adabu, kama mkipata nafasi. Tarehe 2 Septemba 1998 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikasema kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Ni hukumu inayofundishwa duniani kote. Mwaka 2001, katika mahakama hiyo hiyo, mwanamke aliyenusurika alikuwa kizimbani akidodoswa juu ya kubakwa kwake, na majaji wakaangua kicheko. Ilielezwa baadaye kwamba walimcheka wakili kwa jinsi alivyouliza vibaya. Huenda ni kweli. Lakini mwanamke yule, kutoka pale alipokaa, alisikia kicheko tu. Mahakama inaweza kuwa na sheria bora kuliko zote na bado ikamvunja mtu kwa dakika moja ya kusahau kwamba anatazama nyuso.

Kuhusu kukinga macho, usihangaike na kamera na runinga kama umeme wenu ni wa kubahatisha. Pazia la kitambaa kwenye fremu ya mbao, kama lile linalotumika chumba cha sindano katika zahanati, linatosha, ilimradi hakimu na mawakili wamwone shahidi na mshtakiwa asikie kila neno. Hata bila pazia, kiti cha shahidi kinaweza kugeuzwa amtazame hakimu. Hakimu aeleze, na iandikwe katika mwenendo wa kesi, kwamba pazia hilo si dalili ya kuwa mshtakiwa ana hatia.

Nimekupa yasiyohitaji bajeti kwa sababu ndivyo ulivyoagizwa, lakini sitakudanganya kwamba yanatosha. Huwezi kuwa mshauri nasaha kwa kuteuliwa kwa barua, na karani mwenye simu hawezi kumtibu mtu anayeamka usiku akipiga kelele. Afrika Kusini ilianza mwaka 2000 kuanzisha vituo vinavyoitwa Thuthuzela, neno la Kixhosa lenye maana ya kufariji, ambamo mwathirika hupata daktari, polisi, mshauri na mwendesha mashtaka mahali pamoja, badala ya kusimulia upya kila mlangoni. Iceland ilifanya kitu kinachofanana na hicho kwa watoto mwaka 1998: mtoto huhojiwa mara moja, katika nyumba ya kawaida, na mtaalamu mmoja, huku wengine wakisikiliza kutoka chumba kingine. Andika hayo katika ukurasa wa mwisho wa mapendekezo yako, chini ya kichwa kinachosema wazi kwamba yanahitaji fedha, na hakimu ayapeleke juu. Vinginevyo mwaka ujao mtu atasema mahakama yenu imekwisha kutatua tatizo kwa pazia na kiti.

Umeniuliza kama mlimpoteza nyinyi. Sijui kilichotokea kwa msichana yule kati ya tarehe ya tano na ya sita, na wewe hujui. Huenda familia zilikutana, huenda alihama, huenda alichoka. Ila usipokee jibu la kwamba “alipuuza wito wa mahakama”, ambalo bila shaka ndilo lililoandikwa. Mtu aliyefika mara tano, saa mbili asubuhi, hakupuuza. Yale ya ukumbini yalikuwa ya mahakama, na wewe ulikuwa sehemu ya mahakama, na hilo nadhani ulikwisha kulijua kabla ya kuniandikia, ndiyo maana barua yako inakumbuka chupa ilishikwaje.

Kuna kitu kimoja kilichobaki ambacho unaweza kukifanya kabla hujaandika mstari wowote wa mapendekezo. Umesema mshtakiwa “akaachiwa”. Toa jalada lile, usome amri yenyewe neno kwa neno. Kuondolewa kwa shtaka kwa kukosa mashahidi na kuachiwa huru baada ya kesi kusikilizwa si kitu kimoja. Katika sheria nyingi la kwanza halimzuii mwendesha mashtaka kufungua shtaka upya, na la pili humzuia. Kama ni la kwanza, usimpigie simu msichana wewe mwenyewe, kwa kuwa hapo mwenzako angekuwa na haki ya kulalamika. Nenda kwa mwendesha mashtaka na namba ya jalada, umwambie kwamba mlalamikaji alifika mara tano na hakusikilizwa hata mara moja, na umwachie yeye amtafute na kumuuliza kama bado anataka. Akikubali kurudi, siku chumba kikiwa tupu, mfungulie mlango umwonyeshe atakaposimama.

Mama Mshauri